Namba Iliyodhaniwa Tasa

Watu husifu mlima kwa urefu wake, bahari kwa kina chake, na ndovu kwa uzito wa mwili wake. Namba nayo hutazamwa vivyo hivyo na wengi: ikiwa kubwa hustaajabiwa kwa dakika moja, kisha huachwa ikasahauliwa. Mimi naona kwamba ukubwa ndio sifa duni kuliko zote ambazo namba yaweza kuwa nayo, maana hapana namba kubwa duniani ambayo mtoto mdogo hawezi kuishinda kwa kuiongezea moja. Sifa zilizo bora zimo ndani ya namba, kama tabia za mtu zilivyomo moyoni mwake wala hazipimwi kwa kimo chake. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ukae nami kitambo kidogo tuitazame namba moja tu, tuujue ukoo wake, majirani zake na kisa chake. Namba yenyewe ni hii:

4,294,967,297.

Kwa maneno husomwa bilioni nne, milioni mia mbili na tisini na nne, elfu mia tisa na sitini na saba, mia mbili na tisini na saba. Tukitaka kuuonja ukubwa wake kabla ya kuuweka kando, tumwazie mtu anayehesabu moja, mbili, tatu, na kila namba ikampotezea sekunde moja, asilale, asile wala asinywe. Mtu huyo angeifikia namba yetu baada ya miaka 136. Kazi ambayo babu angeianza asubuhi ya maisha yake, mjukuu ndiye angeimaliza. Lakini wanadamu tumekwisha kuipita: kabla ya mwaka 1980 idadi ya watu duniani ilikuwa kubwa kuliko namba hii. Basi ukubwa wake tuuache hapo.

Sasa tuutafute ukoo wake. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe, wapata 4. Chukua 4, uizidishe kwa yenyewe, wapata 16. Fanya hivyo tena na tena, nawe utapata 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Kila moja katika hizo uiongezee 1, ukianza na ile 2 ya mwanzo. Utapata safu hii: 3, 5, 17, 257, 65,537, na 4,294,967,297. Namba yetu basi ni mtoto wa sita katika nyumba hiyo. Wenye kutumia vipeo huiandika kwa ufupi 2³² + 1, na kwa kuwa wewe umekwisha fundishwa vipeo shuleni, nitaitumia njia hiyo itakapofaa.

Wanahesabu wana desturi ya kuzipanga namba katika makundi, kama mkulima apangavyo mazao yake ghalani. Kundi la kwanza ni la shufwa na witiri. Namba yetu haigawanyiki kwa mbili, basi ni witiri. Inaishia kwa 7, basi haigawanyiki kwa tano. Jumla ya tarakimu zake ni 59, na kwa kuwa 59 haigawanyiki kwa tatu, namba yenyewe nayo haigawanyiki kwa tatu. Majaribio haya ni mepesi. Yafanywa kwa macho tu. Lakini lipo kundi moja ambalo macho hayatoshi kulitambua, nalo ni kundi la namba tasa.

Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko moja, isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Saba ni tasa; kumi na tano si tasa, kwa sababu ni mara tatu ya tano. Jina hili limetokana na neno linalotumiwa kwa asiyezaa. Mimi, kama ningeulizwa, ningesema kwamba namba hizi zilipaswa kuitwa zisizozaliwa, maana hazina baba wala mama miongoni mwa namba zilizo ndogo kuliko zenyewe. Namba nyingine zote hujengwa kwa kuzidisha namba tasa, kama nyumba ijengwavyo kwa mawe. Lakini jiwe lenyewe halikujengwa kwa kitu kingine. Ndiyo maana wanahesabu wa zamani na wa sasa wamezipenda mno.

Hapa ndipo kisa kinapoanza. Katika karne ya 17 aliishi Ufaransa mtu mmoja aliyeitwa Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa ya sheria katika mji wa Toulouse, na hesabu ilikuwa burudani yake. Lakini katika burudani hiyo aliwapita wengi walioifanya kazi. Mwaka 1640 aliitazama safu tuliyoitaja. Aliona 3 ni tasa, 5 ni tasa, 17 ni tasa, 257 ni tasa, na 65,537 ni tasa. Mashahidi watano wote walisema neno moja. Fermat akawaandikia wenziwe kwamba anaamini kila namba ya ukoo huu ni tasa, tangu ya kwanza hata isiyo na mwisho. Alikiri katika barua zake kuwa hana uthibitisho, lakini moyo wake ulikuwa na yakini.

Msomaji, hebu simama hapa ufikiri. Mashahidi watano ni wengi au ni wachache? Katika shauri la kuku aliyeibwa, mashahidi watano ni wengi sana. Katika hesabu, mashahidi watano si kitu, na mashahidi elfu si kitu, maana neno lililodaiwa ni la namba zisizo na ukomo. Aliyeona kunguru watano weusi hajawaona kunguru wote. Nasi tuishio pwani na bara twajua kwamba kunguru mwenye shingo nyeupe yupo.

Namba ya sita, hii yetu, ilikuwa ndiyo ya kwanza kungoja hukumu. Miaka ikapita. Fermat alifariki mwaka 1665, na dai lake likabaki. Jambo linalonishangaza kila nikilikumbuka ni hili: mtu angeketi na kalamu, akaigawanya namba yetu kwa namba tasa moja baada ya nyingine, akianza na 2, kisha 3, kisha 5, kisha 7, angelipata jibu katika mgawanyo wa 116. Migawanyo 116! Ni kazi ya siku mbili tatu kwa mwanafunzi mvumilivu. Lakini tangu mwaka 1640 hata mwaka 1732, miaka 92, dai hilo halikuvunjwa na mtu. Sidhani kuwa uvivu ndio uliokuwa sababu. Nadhani jina kubwa hufanya kivuli kikubwa, na watu hupenda kupumzika kivulini.

Mwezi wa Desemba mwaka 1729 mwanachuoni mmoja, Christian Goldbach, alimwandikia barua kijana aliyeitwa Leonhard Euler, akamwuliza kama anajua neno la Fermat juu ya namba hizi. Euler alikuwa amezaliwa Basel katika Uswisi, naye wakati huo alikuwa akifanya kazi Petersburg katika Urusi. Swali lile halikumtoka. Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, alitangaza kwamba namba ya sita si tasa: yagawanyika kwa 641 bila baki.

Jinsi ya kulifikia jibu hili kwa njia fupi ni jambo zuri, nami nataka ulijue. Euler alithibitisha kwamba namba tasa yoyote iwezayo kuigawanya namba yetu sharti iwe na baki ya moja ikigawanywa kwa 64. Kwa hiyo hapana haja ya kupiga kila mlango wa mtaa. Milango ya kubisha ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, na kuendelea mbele kwa hatua za 64. Katika hizo, ondoa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Migawanyo 116 imekuwa mitano.

Mimi binafsi niliifanya migawanyo hiyo usiku mmoja, mezani pangu, kwa kalamu ya risasi na daftari ya mistari. Nilijua jibu, maana nilikuwa nimelisoma. Lakini kusoma ni kuambiwa, na kuambiwa si kuona. Nikagawanya kwa 193, ikabaki 109. Nikagawanya kwa 257, zikabaki 2. Nikagawanya kwa 449, ikabaki 325. Nikagawanya kwa 577, ikabaki 288. Nikaanza 641. Tarakimu zikashuka moja moja, na kila hatua niliogopa kidogo, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Mwisho ikabaki sifuri, na jibu likawa 6,700,417. Sikuwa nimevumbua kitu. Hata hivyo tangu usiku ule namba hii imekuwa mali yangu kwa namna ambayo haikuwa kabla yake, nami nakusihi uifanye yako kwa njia ile ile. Huhitaji chombo kingine ila karatasi.

Kama hupendi mgawanyo mrefu, iko njia nyingine isiyo na mgawanyo hata mmoja. Namba 641 ina sura mbili. Sura ya kwanza ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Sura ya pili ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kutokana na sura ya pili, 2⁴ ni sawa na 641 − 5⁴. Sasa 2³² ni 2⁴ × 2²⁸. Mahali pa 2⁴ tuweke 641 − 5⁴, nasi twapata 641 × 2²⁸ kutoa 5⁴ × 2²⁸. Lakini 5⁴ × 2²⁸ ni (5 × 2⁷)⁴, yaani 640⁴. Basi namba yetu, 2³² + 1, ni sawa na 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1). Sehemu ya kwanza yagawanyika kwa 641 waziwazi. Sehemu ya pili, iliyo katika mabano, ni (640 − 1) × (640 + 1) × (640² + 1), na ndani yake imo 640 + 1, ambayo ndiyo 641 yenyewe. Sehemu zote mbili zagawanyika kwa 641. Basi na namba nzima yagawanyika. Isome aya hii mara mbili, msomaji, wala usione haya kuisoma mara ya tatu.

Baada ya siri kutoka, namba yetu yaweza kupangwa vema zaidi. Ni zao la namba tasa mbili tu, 641 na 6,700,417. Hii ya pili nayo ni tasa. Wayunani wa kale, na miongoni mwao Nicomachus wa Gerasa aliyeishi yapata miaka 1,900 iliyopita, walizigawa namba katika makundi matatu kwa kujumlisha vigawanyo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Sita ni timilifu, maana 1 na 2 na 3 hufanya 6. Kumi na mbili ni zidifu, maana 1, 2, 3, 4 na 6 hufanya 16. Nane ni pungufu, maana 1, 2 na 4 hufanya 7 tu. Namba yetu ina vigawanyo vitatu vya namna hiyo, 1, 641 na 6,700,417, na jumla yake ni 6,701,059. Ni pungufu kupita kiasi: mwili ni wa bilioni nne, akiba haifiki milioni saba.

Iko sifa nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Namba yetu ni jumla ya miraba miwili, maana 65,536² + 1² ndiyo namba yenyewe. Lakini pia ni 62,264² + 20,449². Mwaka ule ule wa 1640 Fermat alitaja kanuni ya namba tasa na miraba miwili, nayo kanuni hiyo, iliyothibitishwa baadaye na Euler, husema kwamba namba tasa iliyo witiri ikiweza kuwa jumla ya miraba miwili, huwa hivyo kwa njia moja tu, wala si mbili. Namba yenye njia mbili haiwezi kuwa tasa. Tazama basi: kanuni ya Fermat ndiyo inayolikanusha dai la Fermat. Kweli haina upendeleo, hata kwa wazazi wake.

Majirani wa namba yetu nao wana habari. Mwaka 1796 kijana wa Kijerumani wa miaka 18, Carl Friedrich Gauss, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo Wayunani hawakulijua. Akaonyesha kuwa sababu ni hiyo 17 kuwa namba tasa ya ukoo wa Fermat. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha upande wa pili: umbo la pande sawa zilizo witiri haliwezi kuchorwa hivyo ila idadi ya pande zake iwe ni namba tasa ya ukoo huu, au zao la namba tasa za ukoo huu zisizorudiwa. Sasa zidisha 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Utapata 4,294,967,295, jirani wa namba yetu kwa upungufu wa mbili. Umbo la pande hizo laweza kuchorwa, kwa kanuni ingawa si kwa mkono wa mtu. Jirani wa katikati, 4,294,967,296, ni mbili tupu zilizozidishana, nalo laweza. Namba yetu peke yake, kwa sababu ya ile 641 iliyojificha ndani, haiwezi. Majirani watatu wamekaa kwa safu, wawili wamekaribishwa ndani, wa tatu amebaki mlangoni.

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, alinisikia nikiyasimulia haya barazani, akacheka. Akaniuliza, "Mwalimu, namba hiyo yajaza pishi ngapi?" Nikamjibu, "Ndugu yangu, haijazi hata kibaba. Lakini nikuulize: mtu mkubwa akikuletea magunia mia, akafungua matano ukayaona mazuri, wanunua mia yote?" Akasema, "La, nitayachoma yote kwa bambo niione nafaka ya kila gunia." Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo alivyofanya Euler, na gunia la sita lilikuwa na mchanga. Hakucheka tena, naye akataka kujua zaidi.

Ningaliweza kumjibu kwa faida ya mkononi pia. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walivumbua Marekani njia ya kufunga ujumbe kwa namba. Kufuli lao ni zao la namba tasa mbili kubwa sana. Kuzizidisha ni rahisi, kuzitenga tena ni kazi ngumu mno. Na katika makufuli mengi ya namna hiyo hutumika namba 65,537, mtoto wa tano wa nyumba ya Fermat. Lakini sikutaka kumpa jibu hilo kwanza, kwa kuwa thamani ya kweli haianzi siku inapopata mnunuzi.

Kuna habari pia ya mtoto wa Kimarekani, Zerah Colburn, aliyezaliwa mwaka 1804 na kusifika kwa kuhesabu kichwani. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto, London, aliulizwa juu ya namba hii hii, naye akataja 641 bila kalamu. Namtaja ili usidhani kuwa mlango huu ni wa wazee wenye ndevu peke yao.

Na kazi haijakwisha. Namba ya saba katika ukoo huu ina tarakimu 20, nayo ilivunjwa mwaka 1880 na Mfaransa Fortuné Landry, aliyekuwa mzee wa zaidi ya miaka 80: yagawanyika kwa 274,177. Nyingine nyingi zimejaribiwa baada yake, na hata leo haijapatikana namba tasa ya sita. Je, ziko tano tu? Hapana aliyethibitisha kwamba ziko tano tu, wala aliyeonyesha ya sita. Fermat alisema zote. Huenda kweli ni kwamba hakuna nyingine hata moja. Lakini neno "huenda" lisikutoshe, maana sisi nasi tukisema hivyo bila uthibitisho tutakuwa tumekaa penye kiti kile kile cha Fermat.

Mwanafunzi, utakutana na vitabu vyenye majina makubwa, na walimu unaowaheshimu, na watu wazima wanaosema kwa sauti ya yakini. Waheshimu. Heshima haikukatazi kugawanya. Fermat hakupungukiwa na heshima kwa sababu ya 641. Hata leo namba hizi zote, tasa na zisizo tasa, zaitwa kwa jina lake. Waliopungukiwa ni wale waliokuwa na kalamu na karatasi kwa miaka 92 wakaona haifai kujaribu. Chukua daftari yako basi, uandike 4,294,967,297 juu ya mstari, na 641 kando yake, uanze.